UZI: Tukiwa wenyeji wa mashindano ya michezo mingi, timu yetu inapatikana vipi? Nafasi, karatasi, mchujo na makosa

#1 Kikwajuni_Juu

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Kila ikitajwa CHAN iliyochezwa Amaan Agosti 2025, au AFCON 2027 ya Tanzania, Kenya na Uganda, mazungumzo huishia kwenye uwanja: nyasi, taa, viti, hoteli. Timu ya mwenyeji husemwa kwa sentensi moja tu, kwamba mwenyeji hafuzu, anaingia moja kwa moja. Kwa mpira wa miguu ni kweli. Kwa Olimpiki, Jumuiya ya Madola, Michezo ya Afrika au michezo ya vijana, sentensi hiyo ni robo ya habari, na robo tatu zilizobaki ndizo zinazowaumiza wenyeji. Tuchukulie hapa kwamba Tanzania ndiyo mwenyeji na baadhi ya michezo inachezwa Unguja na Pemba.

Cha kwanza kukifahamu: nafasi za mwenyeji zinaandikwa na shirikisho la kimataifa la kila mchezo katika waraka wake wa kufuzu. Hakuna kanuni moja inayoshika michezo yote. Tazameni Paris 2024. Judo ilimwekea Ufaransa nafasi 14, moja kila uzito. Upigaji mishale nafasi 6, wanaume 3 na wanawake 3. Taekwondo 4. Kitara (mchezo wa kupigana kwa upanga) 8, azigawe mwenyewe anavyoona. Triathloni wanaume 2 na wanawake 2. Kuogelea maji ya wazi, mmoja mmoja. Mashua za tanga, boti moja kila tukio. Ukija riadha na kuogelea kwenye bwawa, mwenyeji hana akiba: muda wa kufuzu ni uleule wa kila mtu, au nafasi za upendeleo zinazopewa nchi isiyokuwa na aliyefuzu.

Michezo ya timu inajaza basi haraka. Kwa Olimpiki, mpira wa miguu ni wachezaji 18, mpira wa mikono 14, wavu 12, raga ya watu saba 12, magongo (hoki) 16. Zidisha kwa mbili, wanaume na wanawake, hapo umefika 144 na hujaweka mwanariadha hata mmoja. Ndiyo maana Uingereza mwaka 2012 ilikuwa na wanamichezo zaidi ya 500. Idadi hiyo ilikuwa ya wenyeji. Ubora ni habari nyengine.

Nawaomba wenye ujuzi wa mchezo mmoja mmoja waongeze.

#2 Mikono_Saba

Ahsanta kwa kuufungua uzi. Niongeze palipo na mtego.

Nafasi ya mwenyeji mara nyingi ina sharti. Rio 2016, shirikisho la magongo la dunia liliwaambia Wabrazil kwamba wenyeji peke yake hautoshi, waoneshe kiwango kwanza: nafasi fulani katika orodha ya ubora wa dunia, au matokeo mazuri katika michezo ya Pan-Amerika ya 2015. Wanaume walimaliza wa nne kule, wakapita. Wanawake hawakufikia sharti, na michezo ikachezwa nchini kwao bila wao. London 2012, shirikisho la kikapu la dunia lilikaa mpaka Machi 2011 ndipo likaikubalia Uingereza, kwa sababu timu ile ilikuwa haijathibitisha kama ina uhai wa kuendelea baada ya michezo.

Mtego wa pili ni kupewa nafasi bila ya kuwa na mchezo. Mpira wa mikono wa Uingereza 2012 ndio mfano wa kusoma. Makundi mawili ya timu sita sita, kila timu mechi tano. Wanaume wakafungwa zote tano, wanawake nao zote tano. Vijana wale walijituma sana, wengine walipelekwa kambi Denmark kujifunza mchezo ukubwani. Tatizo lilikuwa chini yao: hakuna ligi yenye ushindani, na mtoto wa skuli haujui mchezo. Mchezaji anayeanza kushika mpira akiwa na miaka 19 au 20 atajifunza kurusha na kukimbia. Kusoma ukuta wa mabeki sita, kujua lini mlinzi wa pembeni amevuta hatua moja zaidi ukampa mwenzako pasi ya ndani, hayo huja kwa mechi mia kadhaa, na mechi hizo hazinunuliki katika miaka minne.

Kwa hiyo orodha ya kwanza ya mwenyeji iwe na safu tatu: michezo tunayocheza kwa ligi, michezo tunayo kwa klabu chache, na michezo hatuna. Safu ya tatu ikataliwe kwa barua mapema, nafasi irudi kwa shirikisho. Kukataa nafasi si aibu.

#3 Dunga_Kati

Hapa sikubaliani na Maalim Mikono_Saba. Ukikataa mchezo mzima, mashabiki wa uwanja ule watamshangilia nani? Mwenyeji anauza tiketi.

#4 Mikono_Saba

Ni hoja ya haki. Lakini hesabu gharama: timu ya watu 14 wanaume na 14 wanawake, makocha, mtaalamu wa viungo, kambi ya miaka miwili, mechi za kirafiki nje zisizopungua 20 kwa mwaka ili wasiaibike. Fedha hiyo ukiipeleka judo au riadha unapata watu sita wa kuingia nusu fainali. Na mtazamaji aliyeona timu yake ikifungwa kwa mabao 25 mechi ya kwanza, ya pili haji. Fedha ikiwa finyu chukua jinsia moja, iliyo na ligi. Hilo linaruhusiwa.

#5 Mwanasheria_Malindi

Tuingie kwenye la Zanzibar, maana kila uzi wa aina hii hufika hapa na watu huchanganya milango.

Mlango wa Olimpiki: tangu 1996 Mkataba wa Olimpiki unataka "nchi" iwe dola huru inayotambuliwa na jumuiya ya kimataifa. Waliokuwamo kabla, kama Puerto Rico, wamebaki. Mpya asiyekuwa dola haingii. Kwa hiyo Mzanzibari anapita kwa Kamati ya Olimpiki Tanzania, bendera moja, wimbo mmoja.

Mlango wa soka: CECAFA tumo kwa jina letu, na kombe la Challenge tulilichukua 1995. CAF walitupokea uanachama kamili Machi 2017 Addis Ababa, wakaufuta Julai mwaka huohuo Rabat, kwa hoja hiyohiyo ya dola.

Mlango wa Jumuiya ya Madola ni mpana zaidi. Uskochi, Wales, Jersey, Guernsey na Isle of Man wote wanaingia kwa bendera zao, na Isle of Man, kisiwa kidogo kuliko Unguja, iliandaa Michezo ya Vijana ya Jumuiya ya Madola Septemba 2011. Lakini kwa upande wetu mwanachama ni Tanzania, na ndiyo inayosajili.

Sasa linalohusu timu ya mwenyeji. Uskochi ikiwa mwenyeji Glasgow, mwenye pasipoti ya Uingereza anapimwa kwa alikozaliwa, wazazi au makaazi, kwa sababu pasipoti peke yake haimtofautishi na Mwingereza. Mwanamichezo huyohuyo akienda Olimpiki anaingia timu moja ya Uingereza yote. Mpira wa miguu wa 2012 ulionesha ugumu wake: vyama vya Uskochi, Wales na Ireland ya Kaskazini vilihofia kwamba kucheza timu moja kutawapokonya nafasi zao FIFA. Kikosi cha wanaume kikaja na Waingereza 13 na Wawelsh 5, Mskoti hakuna hata mmoja. Walitolewa robo fainali kwa penalti na Korea Kusini. La kuchukua hapa: makubaliano baina ya vyama yaandikwe miaka mitatu kabla, yaseme wazi kwamba timu ya pamoja kwa mashindano haya haigusi hadhi ya chama chochote kwengineko. ZFF na TFF (vyama vya soka vya Zanzibar na Tanzania), vyama vya judo vya pande mbili, vyama vya riadha vya pande mbili, kila mchezo na karatasi yake. BTMZ na BMT, mabaraza ya michezo ya Zanzibar na ya Tanzania, washuhudie.

Na bendera isichukuliwe kidogo. Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi 2015 kule Réunion, ujumbe wa Komoro uliondoka kwa sababu ya bendera waliyotembea nayo wanamichezo wa Mayotte. Wachezaji waliojiandaa miaka minne wakarudi nyumbani. Itifaki ya bendera, wimbo, na jina litakaloandikwa mgongoni imalizwe kabla kitambaa hakijakatwa.

#6 Mtambile_Pemba

Shukran Mwanasheria. Swali letu huku ni la ndani zaidi: mchujo. Kila timu ya pamoja ikiundwa, Pemba hupewa mchujo wa siku moja, watu wakapimwa na saa ya mkono, kisha majina yakatoka. Tufanyeje?

#7 Kikwajuni_Juu

Umeuliza pahala pake. Kugawa nafasi kwa mikoa (mbili Unguja, mbili Pemba, nne Bara) kunaua timu, kwa sababu shirikisho la kimataifa linahesabu sekunde, mita na pointi. Lakini mchujo usio sawa unaua timu vilevile, maana unaacha mtu bora nyuma. Dawa ni kigezo kinachopimika kikitangazwa miezi 18 kabla, na fursa sawa ya kukifikia.

Kwa riadha: muda wa saa ya mkono haukubaliki kwa kufuzu mbio fupi. Inahitajika saa ya kielektroniki inayopiga picha mstari wa mwisho, kipima upepo (zaidi ya mita 2.0 kwa sekunde mgongoni, muda wa mita 100 na 200, au umbali wa kuruka mbali, hauhesabiki kwa rekodi wala kufuzu), na mashindano yenyewe yawe yamesajiliwa kwenye kalenda ya shirikisho la dunia. Mkimbiaji wa Gombani, Pemba, aliyekimbia vizuri kwenye mashindano yasiyosajiliwa, kwa kanuni hajakimbia. Basi kazi ya kwanza ni kuyasajili mashindano mawili kwa mwaka Pemba na mawili Unguja, kwa vifaa hivyo. Makosa ya kawaida: saa ipo, fundi wake hayupo, kipima upepo kimewekwa mbali na njia au juu kupita kiasi, matokeo hayakutumwa kwa wakati. Tofauti ya saa ya mkono na ya umeme ni kama sehemu 24 za mia za sekunde kwa mita 100, na hiyo ndiyo tofauti ya aliyefuzu na asiyefuzu.

#8 Bi_Masjala

Mimi nashughulika na karatasi tu, na karatasi ndizo zinazowaacha watu nje kimyakimya.

Mpangilio wa tarehe kwa mwenyeji ni uleule wa wageni. Kwanza orodha ndefu, miezi mingi kabla: kila anayeweza kuchaguliwa aingizwe, hata akiwa na nafasi moja kwa kumi. Asiyekuwemo humo ni taabu kumuingiza baadaye, kwa sababu kitambulisho cha mashindano kinachunguzwa na vyombo vya usalama. Kisha tarehe ya mwisho ya kufuzu, kisha ya kuandikisha majina kwa mchezo. Paris, michezo ilifunguliwa 26 Julai 2024 na majina yalifungwa tarehe 8 Julai. Siku chache kabla ya ufunguzi unafanyika mkutano wa kuhakiki ujumbe, jina kwa jina, mkuu wa msafara mbele ya kamati ya maandalizi.

Zanzibar tatizo letu kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, pasipoti Hamis, leseni ya chama Khamisi. Salum na Salim. Mwanaidi na Mwana Idi. Mtu anaitwa Juma Khamis Juma: pasipoti imeweka la mwisho kuwa la ukoo, shirikisho la kimataifa limeweka la kati, na matokeo yake yamesajiliwa kwa mtu ambaye mfumo haumjui. Tarehe za kuzaliwa nazo, 1 Januari na 1 Julai nyingi mno, zinatiliwa shaka kwa mashindano ya umri. Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026 ni ya wasiozidi miaka 17, na cheti kilichotolewa mwaka mmoja kabla ya mashindano kitaulizwa maswali.

Utaratibu unaofanya kazi: pasipoti iwe ndiyo asili. Kila karatasi nyengine inyooshwe iifuate, herufi kwa herufi, na kila mwanamichezo awe na jalada lenye nakala ya pasipoti (iliyobaki angalau miezi 6 baada ya mashindano), cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, picha, vipimo vya nguo na viatu, na namba yake ya shirikisho la kimataifa. Vipimo vya viatu msiviache. Sare ya gwaride hushonwa miezi mitano kabla, viatu vya namba 47 havipatikani Darajani siku mbili kabla ya ufunguzi.

Na ndugu zetu walioko Muscat, London na Copenhagen: Tanzania hairuhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili. Hadhi maalum ya diaspora si uraia, haimpi mtu pasipoti yetu wala haki ya kuchezea taifa. Ugiriki 2004 waliijaza timu yao ya besiboli kwa watoto wa Wagiriki wa Amerika kwa sababu sheria yao inawapa uraia. Sisi njia hiyo hatuna. Aliyewahi kuwakilisha nchi nyengine na akabadili uraia anasubiri miaka 3 kwa kanuni ya Olimpiki, isipokuwa nchi ya zamani na shirikisho wakubali kuipunguza.

#9 Tatami_Amaan

Nafurahi Kikwajuni_Juu ameianza orodha yake na judo. Kwa Zanzibar huu ndio mchezo ambao nafasi ya mwenyeji ingekuwa na mtu wa kuikalia. Upo hapa kwa miongo, mwalimu wa Kijapani Tsuyoshi Shimaoka aliupanda na watoto wakaukuta. Tanzania ilikuwa na mchezaji wa judo Paris, Andrew Thomas Mlugu. Na katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026, judo imo katika michezo 10.

Uzito kwa wanaume: 60, 66, 73, 81, 90, 100, na zaidi ya 100. Wanawake: 48, 52, 57, 63, 70, 78, na zaidi ya 78. Kwa hali ya kwetu, uzito mwepesi una watu, uzito mzito hauna. Mwenyeji akipewa 14, hatari ni kumchukua kijana wa kilo 84, kumlisha miezi mitatu na kumtia kilo 100 ili nafasi isipotee. Atakutana na mtu aliyezaliwa kuwa na kilo 100, na bega litatoka. Heri ujaze 8 sawasawa.

Timu ya mchanganyiko inahitaji watu sita: wanawake wa 57, 70 na zaidi ya 70, wanaume wa 73, 90 na zaidi ya 90. Mwenye uzito wa chini anaweza kupanda ngazi moja, ndipo unapookoa timu. Ufaransa waliichukua dhahabu hiyo nyumbani mbele ya Japani, na ukumbi ulivuma.

Yanayoharibika siku yenyewe. Kupima uzito hufanywa jioni ya kabla ya pambano, na asubuhi wanaitwa wachache kwa bahati nasibu. Aliyeitwa asizidi asilimia 5 juu ya kikomo. Wa kilo 60 akionekana na 63.1 asubuhi, ametoka. Wetu wengi wanakauka kwa jua na nguo nzito, kisha usiku wanakunywa maji na kula wali bila kiasi. Nguo mbili zinahitajika, nyeupe na buluu, zenye lebo ya shirikisho la dunia, mikono ifike kwenye kifundo. Nguo zikifuliwa kwa maji ya moto zinarudi ndani sentimita kadhaa, na mkaguzi anapima kwa kifaa papo hapo. Chukueni zilizokwisha kufuliwa mara tatu ndipo mpime.

Juu ya ngumi niseme moja tu. Zilizuiwa Zanzibar kwa miongo baada ya Mapinduzi na zimeruhusiwa miaka ya karibuni. Msidai nafasi ya bondia wa Zanzibar kwa haki ya uenyeji. Miaka minane ya mapambano ya ridhaa haipo bado. Bara wanao: Birmingham 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba.

#10 Bamvua_Makunduchi

Michezo ya ufukweni naona mmeipita, nayo ndiyo tunayoweza kuiandaa na kuicheza. Michezo ya Ufukweni ya Afrika ya kwanza ilifanyika 2019 kisiwani Sal, Cape Verde. Kisiwa kidogo, mchanga na upepo, na kikatosha.

Timu ni ndogo, hapo ndipo unafuu ulipo. Soka la ufukweni wachezaji 12, watano uwanjani. Mpira wa mikono wa ufukweni 10, wanne uwanjani. Wavu ni wawili wawili, bila akiba. Ukiwa na watu 50 una ujumbe kamili wa jinsia zote.

Uwanja wa mazoezi uwe wa kanuni tangu mwanzo. Wavu: mita 16 kwa 8, neti 2.43 wanaume na 2.24 wanawake. Soka: urefu mita 35 hadi 37, upana 26 hadi 28. Mikono: 27 kwa 12. Mchanga kina sentimita 40 kwa yote, uchekechwe. Huu wetu mweupe ni laini lakini una vipande vya matumbawe na kombe, na chini ya sentimita 20 mahala pengi unagusa jiwe. Mchezaji aliyezoea mchanga mgumu wa maji kupwa, akiingia kwenye sentimita 40 za mchanga mkavu, miguu inakufa dakika ya nane. Wenyeji wengi wa pwani wanashindwa hapo: wamefanya mazoezi ufukweni kweli, lakini kwenye mchanga wa kuendeshea baiskeli.

Na maji. Bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpya na mwezi mpevu, na tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Pwani ya Paje na Jambiani maji yanakimbia mbali kabisa. Kila siku saa ya maji inasogea kama dakika 50. Kuogelea maji ya wazi na mashua kupangwe siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo, na timu yetu iijue ratiba hiyo kwa moyo. Mgeni atakuja na jedwali, mwenyeji awe anajua mkondo unavyopinda kwenye mlango wa mwamba maji yakianza kutoka.

Wa ngalawa wasidhani mashua za Olimpiki ni ndugu. ILCA 7, moja ya mashua hizo, ina urefu wa mita 4.2 na tanga la mita za mraba 7 hivi, mtu mmoja, hakuna mrengu wa kushikilia. Macho ya upepo wanayo tayari. Mwili wa kuning'inia nje ya boti dakika 50 hawana, nao unajengwa kwa miaka miwili.

#11 Dk_wa_Kando

La afya kwa ufupi, ingawa ndilo linalofukuza watu.

Mwenye kuingizwa katika kundi la kupimwa hutoa taarifa ya alipo kila robo mwaka, pamoja na dakika 60 za kila siku ambazo mpimaji atamkuta. Akikosekana au akikosea mara tatu ndani ya miezi 12, ni kosa la kanuni za dawa, hata asipokutwa na dawa yoyote. Mchezaji anayelala leo Mwanakwerekwe, kesho kwa bibi yake Kiuyu, Pemba, keshokutwa kambini, afundishwe kubadili taarifa kwa simu kabla hajapanda boti.

Mairungi (miraa): kathini, kemikali iliyomo, ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo siku ya mashindano, ni kosa. Dawa za mafua za dukani: sudoefedrini kikomo ni 150, efedrini 10. Mwenye pumu, salbutamoli ya kuvuta isizidi mikrogramu 1600 kwa saa 24, wala 600 kwa saa 8. Sindano za steroidi za kupunguza maumivu ya goti zimepigwa marufuku kipindi cha mashindano tangu 2022, na makocha wengi hawajalijua. Dawa za miti na asali zilizochanganywa msizitumie. Hakuna anayejua kilichomo, na kanuni inamhesabia mchezaji kila kilichoingia mwilini mwake.

Joto ni mtaji wa mwenyeji, na mwenyeji anaweza kuupoteza. Mwili unazoea joto na unyevu kwa siku 10 hadi 14, na unasahau ndani ya wiki mbili au tatu. Ukiwaweka wakimbiaji kambi ya nyanda za juu, Arusha au Mbulu, kwa sababu ya hewa nyembamba, washushe pwani wiki mbili kabla. Kuwaleta siku tatu kabla ni kuwafanya wageni kwao.

#12 Dunga_Kati

Nimefahamu zaidi sasa. Nauliza la fedha na muda. Wakitangazwa wenyeji leo, miaka saba inatosha?

#13 Mikono_Saba

Tazama Uingereza. Atlanta 1996 walipata dhahabu moja tu, wakawa wa 36. Fedha za bahati nasibu ya taifa zikaanza kuwafikia wanamichezo wa kiwango cha juu 1997. Sydney 11, Athens 9, Beijing 19, London 29. Uenyeji walipewa Julai 2005, kwa hiyo jengo lilikuwa limeshaanza miaka minane kabla ya kupewa. Japani: Rio dhahabu 12, nyumbani 27, Paris 20. Kanada nao waliandaa Montreal 1976 na hawakupata dhahabu hata moja. Wakaja Vancouver 2010 na 14, baada ya kuweka mpango wa fedha miaka mitano kabla. Miaka saba inatosha kwa mtoto aliye na miaka 13 leo na tayari ana kocha. Kwa mchezo unaoanza sifuri haitoshi.

Gawio la fedha: makocha, mashindano ya nje na matibabu kwanza. Kambi ndefu za pamoja za miezi sita hazina faida ya kiasi hicho. Watu wanachoka, wanaumia, na walio masomoni wanapoteza mwaka. Kambi za siku 14 hadi 21, mara nne au tano kwa mwaka, kisha mashindano. Posho ilipwe tarehe inayojulikana. Hili la posho limevunja timu nyingi kuliko majeraha.

#14 Bi_Masjala

Niongeze siku zenyewe za michezo, maana mwenyeji ana mitego yake. Anaingia wa mwisho kwenye gwaride. Kwa Jumuiya ya Madola aliyeandaa mara iliyopita ndiye wa kwanza. Wa mwisho maana yake ni kusimama saa tatu au nne nyuma ya uwanja. Anayecheza asubuhi yake asitembee. Kiapo cha wanamichezo, waamuzi na makocha kinasomwa na watu wa nchi mwenyeji, kwa hiyo watu hao wachaguliwe mapema na wasiwe na pambano siku ya pili.

Walale kijijini kwa wanamichezo, hata aliye na nyumba Kariakoo ya Unguja. Nyumbani kuna wageni, harusi, simu, na kila mtu anataka tiketi. Mpeni mtu mmoja wa ujumbe kazi ya tiketi za jamaa, idadi iwe sawa kwa kila mchezaji, na mchezaji asiulizwe tena.

#15 Mtambile_Pemba

La mwisho kutoka kwangu: aliyeandikishwa akiumia baada ya majina kufungwa, nafasi yake inakufa?

#16 Bi_Masjala

Haifi, ila ina masharti. Mbadala awe wa mchezo uleule na tukio lilelile, awe amefikia kiwango, awe kwenye orodha ndefu, na ripoti ya daktari ipelekwe kabla ya mkutano wa ufundi wa mchezo huo. Akiwa Pemba na mchezo uko Unguja, mwekeni Unguja tangu siku ya uhakiki, boti ya asubuhi isije ikawa ndiyo iliyomnyima nafasi.